Safari Ipimwe kwa Usingizi wa Mtoto

Kuna jambo linaloonekana dogo, ila limewachosha wazazi wengi kimyakimya. Familia ina mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu, yule aliyekwisha kusimama dede na sasa anakimbia bila kujua anakokimbilia, na familia hiyo inataka kuondoka nyumbani siku mbili tatu ikapumzike. Ikikaa kupanga, swali la kwanza karibu kila mara huwa: twende wapi? Mmoja atataja Lushoto, mwingine Mikumi, mwingine Zanzibar, na shangazi aliyepita kusalimia ataongeza Arusha. Baada ya hapo zitahesabiwa nauli, zitalinganishwa bei za vyumba, na mtoto atakumbukwa mwishoni kabisa, kwenye orodha ya mizigo, katikati ya nepi na chupa ya uji. Mimi naona mpangilio huo umewekwa kichwa chini miguu juu. Safari fupi yenye mtoto mdogo inafaa ipimwe kwanza kwa saa za mwili wake: anazolala, anazokula, na anazoweza kuvumilia kukaa mahali pamoja. Pahala pa kwenda pachaguliwe baada ya hesabu hiyo. Ukianza hivyo, maeneo mengi yanayosifiwa yatajiondoa yenyewe mezani, na yatabaki machache ya karibu, ambayo pengine umeyadharau kwa sababu unayapita kila mara ukienda misibani na harusini.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu namna mtoto wa chini ya miaka mitano anavyofaa kuigawa siku yake kati ya kulala, kukaa na kucheza. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili, mwongozo unataka usingizi wa saa 11 hadi 14 kwa siku, ukiwamo ule wa mchana. Unataka dakika zisizopungua 180 za kuchangamsha mwili. Na unasema asifungwe mahali pamoja, iwe kitini au mgongoni, kwa zaidi ya saa moja mfululizo. Hilo la mwisho ndilo linalotuhusu zaidi, kwa kuwa kwa mtoto safari ni kufungwa. Chukua sasa wikiendi ya kawaida ya mkazi wa Dar es Salaam. Anaondoka Ijumaa saa 12 jioni na kurejea Jumapili saa 12 jioni: saa 48. Mtoto atalala kama 24. Kula, kuoga, kubadilishwa nepi na kulia bila sababu ya maana, toa sita, na hapo nimebana sana. Zimebaki 18. Lushoto iko zaidi ya kilomita 300 kutoka Dar es Salaam, na baada ya Mombo kuna kona za mlimani. Ukienda kwa saa saba na kurudi kwa saa saba, zimekwenda 14. Familia imelipa nauli, chumba na chakula ili mtoto apate saa nne za kukimbia kwenye baridi ya milima ya Usambara.

Mtu atasema, mbona atalala humo humo garini? Atalala, sikatai, na kwa dakika hizo wazazi watamshukuru Mungu. Lakini usingizi wa garini ni mkopo. Mtoto aliyelala kuanzia Chalinze hadi Korogwe saa tano asubuhi atakuwa macho saa tano usiku, katika chumba asichokijua, kwenye kitanda chenye harufu ngeni, na wazazi wake ndio watakaolipa. Wapo pia wanaodhani simu yenye katuni itamaliza tatizo. Mwongozo uleule unashauri mtoto wa mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili isizidi saa moja kwa siku. Sitamhukumu mzazi aliyekwama kwenye foleni ya Kibaha akatoa simu. Foleni ya Kibaha ingemfanya hata mzee mwenye busara zake aombe katuni. Ninachosema ni kwamba safari iliyopangwa kwa kutegemea simu saa saba nzima imepangwa vibaya tangu nyumbani.

Njia yenyewe ina uzito kuliko umbali, na hapa nchi yetu imepata kitu kipya ambacho wazazi wa watoto wadogo walipaswa kukifurahia kabla ya wafanyabiashara. Juni 2024 treni ya umeme ya reli ya kisasa, hii SGR, ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma. Kwa barabara, Morogoro ni kama kilomita 190, na ramani itakudanganya kuwa ni mwendo mfupi. Basi haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, kwenye makazi ya watu kuna vibao vya 50, na Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara hadi Chalinze ina makazi karibu kila baada ya kilima. Ongeza malori yanayokwenda Zambia na Kongo, na saa nne zinakwisha kirahisi. Treni inachukua takriban saa mbili. Kwa mtu mzima, tofauti hiyo ni starehe. Kwa mtoto wa miezi 20 ni suala la kuvumilika au kutovumilika, kwa sababu ndani ya treni anaweza kusimama, kushikwa mkono na kutembezwa kwenye njia ya katikati ya behewa, kuchungulia dirishani, kubadilishwa nepi chooni, kisha kurudi kukaa. Ile saa moja ya kufungwa inakatwa vipande vipande. Kwenye basi hakuna ruhusa ya namna hiyo, na konda hatamsimamisha dereva porini kwa ajili ya tumbo la mtoto mmoja bila abiria 50 kutoa maoni yao.

Treni nayo si uganga. Ina saa zake, na ukichelewa haikusubiri. Imewahi kusimama njiani kwa hitilafu za umeme, kwa hiyo maji na chakula cha akiba visikose kubebwa. Stesheni ya Morogoro iko Kihonda, si katikati ya mji, na mzigo uliobebwa kizembe utakuchosha kabla hujapata bajaji. Tena treni haiufanyi mwendo mrefu kuwa mfupi. Wenzetu wa Kenya wana treni ya SGR kati ya Nairobi na Mombasa tangu mwaka 2017, ni nzuri na watu wanaipenda, lakini inachukua saa tano na zaidi kila upande. Mzazi wa Nairobi mwenye siku mbili tu na mtoto wa mwaka mmoja na nusu angefaa kuutazama Naivasha, ulio chini ya kilomita 100, na bahari aiweke kiporo hadi likizo ndefu. Kipimo ni kilekile, iwe reli au lami: saa mbili kila upande ni salama, tatu ni mpaka, na zaidi ya hapo unabadilisha mapumziko kwa uchovu.

Ukishafika Morogoro, kishawishi kinaanza upya. Mikumi hii hapa, kama kilomita 100 mbele, hifadhi ya tangu mwaka 1964 yenye zaidi ya kilomita za mraba 3,000, barabara kuu inapita katikati yake, na mtoto wa chini ya miaka mitano haingii kwa malipo. Kwa nini tusiunganishe? Kwa sababu kutazama wanyama ni kazi ya kukaa ndani ya gari kimya kwa saa nyingi, bila kushuka, jua likichoma bati, na hayo ndiyo mambo matatu ambayo mtoto wa umri huu hayawezi. Tembo aliye mita 80 kichakani si kitu kikubwa machoni pa mtoto ambaye bado anaona ajabu kwamba mbuzi ana ndevu. Milima ya Uluguru pia anaiona kama ukuta wa kijani tu. Anachokitaka ni kijito chenye mawe, kuku wa jirani, ngazi tatu za kupanda na kushuka mara 40, na embe la kujipaka usoni. Yote hayo Morogoro yapo kwa wingi na hayahitaji tiketi. Hifadhi itamsubiri. Akiwa na miaka sita au saba, mwenye maswali na mwenye kujua kunyamaza anapoombwa, Mikumi atakayoiona itakuwa kubwa kuliko ile anayopelekwa sasa akiwa amelala begani.

Kwa asiyetaka reli, Bagamoyo ni kama kilomita 70 kaskazini mwa Dar es Salaam, na kwa kipimo changu ni vigumu kuushinda. Watu wazima wana historia yao pale: magofu ya Kaole yenye msikiti unaohesabiwa kuwa wa karne ya 13, misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868, majengo ya Wajerumani waliouweka mji huo kuwa makao yao makuu hadi walipohamia Dar es Salaam mwaka 1891. Mtoto hana habari na hayo, ana mchanga. Na hapa ndipo familia nyingi zinapokosea kwa kutaka wote wafanye jambo moja kwa wakati mmoja. Mtoto akilala saa saba mchana, mzazi mmoja anabaki chumbani na mwingine anakwenda Kaole saa mbili nzima, anatembea polepole, anasoma maandishi, anamuuliza mwongozaji maswali bila kuvutwa suruali. Kesho yake wanabadilishana. Kila mtu mzima anarudi mjini akiwa amekiona kitu kwa macho yake, jambo ambalo wale waliozunguka wote watatu na gari la kusukuma kwenye mchanga hawalipati.

Bahari inataka neno la ziada. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa duniani kote watoto wa mwaka mmoja hadi minne ndio wanaoongoza kwa viwango vya kufa maji, na kwa umri huo halihitajiki bwawa refu. Beseni linatosha, na hakuna kelele, kwa kuwa mtoto anayezama hapigi mayowe. Pwani yetu ina tabia zake ambazo wazee wa pwani wanazijua na wageni wa bara huzisahau. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Kwa kawaida siku hizo yanakauka kuelekea saa nne na saa tano asubuhi na kujaa alasiri. Maana yake, asubuhi ya bamvua utaona ufuo mpana wenye vidimbwi vya maji ya vuguvugu vinavyofika vifundoni, pazuri mno kwa mtoto, mradi mtu mzima amekaa karibu kiasi cha kumgusa. Na saa kumi jioni mahali pale pale pana mawimbi. Kwa hiyo kabla ya kulipia chumba cha ufukweni, tazama mwezi. Jua nalo lina saa zake: mtoto atoke kabla ya saa nne, kisha arudi nje baada ya saa kumi, na katikati ya hapo alale. Utaona jinsi ratiba ya bahari, ya jua na ya usingizi zinavyoelekea kukubaliana, usipozigombanisha kwa kutaka kuzunguka mji saa saba mchana.

Nisiendelee bila kuwajibu wanaosema, na ni wengi, kwamba mtoto wa umri huu hatakumbuka chochote, kwa nini basi kumhangaisha? Hoja hii ina ukweli ndani yake. Wataalamu wa saikolojia wameuchunguza usahaulifu wa utotoni kwa miaka mingi, na watu wazima wengi wanapoulizwa kumbukumbu yao ya kwanza hutaja jambo la umri wa kama miaka mitatu au zaidi kidogo. Kwa hiyo ni kweli, ufukwe wa Bagamoyo hatausimulia ukubwani. Ila kutokukumbuka baadaye si sawa na kutokuwa na kumbukumbu sasa. Majaribio yaliyofanywa kwa watoto wa miezi 20 yalionyesha kwamba wakioneshwa mfululizo mfupi wa vitendo vya kuunganisha vitu, wengi waliweza kuurudia baada ya miezi kadhaa. Mtoto anajenga lugha, anajenga miguu, anajifunza kwamba maji ya bahari yana chumvi na kwamba baba anaweza kukaa naye kutwa nzima bila kwenda popote. Hakuna anayekataa kumlisha mtoto ugali leo kwa sababu hataukumbuka mlo wenyewe. Zaidi ya hayo, hoja hii inausaidia upande wangu bila kujua. Kama kweli hatakumbuka, basi hakuna sababu hata moja ya kumpeleka mbali na kwa gharama kubwa. Sifa ya mahali haina faida kwake. Kinachobaki ni hali ya siku zenyewe, na hali hiyo inaamuliwa na usingizi, chakula na saa za njiani.

Wengine watasema sisi tayari tunasafiri na watoto, tunakwenda kusalimia kwa bibi, hayo ya kwenda kupumzika ni mambo ya kuiga. Kusalimia ni wajibu, na mjukuu aletwe aonwe. Sina ugomvi na hilo. Lakini tusiite wajibu mapumziko. Anayekwenda Mbeya amekata zaidi ya kilomita 800, anayekwenda Bukoba zaidi ya 1,300, na akifika anapokelewa na ukoo mzima, mtoto anapita mikono 20 kwa siku, kila mkono una kitu cha kumlisha, na mama yake anaingia jikoni kwa sababu mkwe hakai sebuleni akitazama wenzake wanapika. Safari ya namna hiyo inahitaji siku nyingi ili mwili wa mtoto uzoee, na sheria yetu ya ajira ya mwaka 2004 imempa mfanyakazi likizo ya siku 28 kwa mwaka. Hapo ndipo mahali pake. Kuibana katika siku tatu za Pasaka ni kumwonea bibi pia, kwa kuwa anamwona mjukuu aliyechoka, mwenye homa ya njiani, asiyetaka kubebwa na mtu.

Kuna wanaosema hayo yote ni ya wenye nazo. Kwa nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa mwaka 2024, shilingi 13,000 kwa mtu mzima hadi Morogoro, watu wazima wawili kwenda na kurudi ni 52,000, na mtoto wa chini ya miaka minne halipi. Bado kuna chumba na chakula, na najua kuna nyumba ambazo 52,000 peke yake ni bajeti ya siku nyingi. Lakini pima kwa saa, si kwa sifa, na utaona kipimo kinashuka hadi mfukoni mwa karibu kila mtu. Pantoni ya Magogoni kwenda Kigamboni ni safari ya dakika chache. Kwa mtoto wa miaka miwili, ni meli kubwa yenye honi, magari yanayoingia tumboni mwake, na watu wanaokimbilia mlango. Misitu ya Pugu, upande wa Kisarawe, ina kivuli na majani makavu ya kukanyaga, na jioni mko kwenu. Siku moja iliyopangwa kwa usingizi wa mtoto inapumzisha kuliko siku tatu zilizopangwa kwa ajili ya picha. Wanaokwenda mbali kula bata na mtoto mgongoni mara nyingi wanaliwa na huyo bata.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo katika mipango mingi halitajwi kabisa. Nani anafanya kazi safarini? Nyumbani kuna beseni, jiko, pengine dada wa kazi au bibi wa jirani. Ukiondoka, msaada wote huo unabaki, lakini nepi, uji na kilio vinakuja na nyinyi. Kama hapakuwa na mazungumzo kabla, kazi yote inamwangukia mama, na tofauti pekee ni kwamba anaifanya mbali na jiko lake. Sheria ile ile ya 2004 ilimpa mama siku 84 za likizo ya uzazi na baba siku zisizopungua tatu. Mgawanyo huo ukishazoeleka tangu wiki ya kwanza, hausiti kupanda treni pamoja nanyi. Mimi naona safari ambayo mama anarudi amechoka kuliko alivyoondoka imeshindwa, hata kama picha ni nzuri na baba ameshiba pweza. Ndiyo maana nasisitiza mahali pamoja, chumba kimoja, usiku mbili. Kila mnapohama mnafungasha, na anayefungasha tunamjua. Kama baba anataka kuhamahama, basi afungashe yeye, na afungashe kwa kanga, kwa sababu kanga mbili zitakuwa shuka, pazia la kufukuza jua, mbeleko, taulo na kitambaa chenye harufu ya nyumbani cha kumlaza mtoto kwenye kitanda kigeni. Sijaona begi la dukani lililoishinda kanga kwa kazi hiyo.

Kama familia ina gari lake, kipimo cha saa mbili hakibadiliki, ila kinaongezeka kitu kimoja: kiti cha mtoto. Kumpakata mbele kwa upendo hakuna msaada gari likigonga, kwa sababu mikono ya mtu yeyote haiwezi kuzuia uzito wa mtoto kwa kasi ya kilomita 80. Viti hivyo vinapunguza vifo vya watoto kwa zaidi ya nusu, na hata trafiki asipouliza, fizikia itauliza. Kiti kinamfunga mtoto, ndiyo, na hiyo ni sababu nyingine ya safari kuwa fupi na ya kusimama kila baada ya saa moja, mahali penye kivuli, akimbie.

Afya nayo inatetea ukaribu. Maambukizi ya malaria Dar es Salaam ni madogo kuliko Morogoro na Pwani, kwa hiyo mtoto wa mjini anayelala usiku mbili nje ya mji anahitaji chandarua kuliko anavyokihitaji kwao, na ndiye wa umri unaoumizwa zaidi na ugonjwa huo. Dalili za malaria kwa kawaida huanza siku kumi hadi 15 baada ya kuumwa na mbu, na kamwe si kabla ya wiki moja hivi, wakati ambapo safari imekwisha kusahauliwa na homa inasingiziwa meno. Akipata homa wiki mbili baada ya kurudi, apimwe, na daktari aambiwe mlikwenda wapi. Kuhara ni mgeni wa pili. Pakiti za chumvichumvi na vidonge vya zinki ndiyo tiba ambayo Shirika la Afya Duniani na UNICEF wamekuwa wakiipendekeza kwa pamoja tangu mwaka 2004, havina bei kubwa, na vinakaa kwenye mfuko mdogo kuliko mkebe wa mafuta ya mgando. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Na mkiwa saa mbili kutoka nyumbani, uamuzi wa kukatisha safari na kurudi kwa daktari anayemjua ni uamuzi mwepesi. Mkiwa saa tisa, unakuwa kikao cha familia.

Lililobaki ni la wenye nyumba za wageni, na kwa wengi wao kumpokea mtoto mdogo bado ni kazi ngumu. Gesti zetu nyingi zilijengwa kwa ajili ya mtu mmoja mwenye begi moja anayelala usiku mmoja: swichi ya taa iko mbali na kitanda, choo kina kizingiti kirefu, muziki wa baa unaanza saa mbili na kifungua kinywa kinaanza saa moja na nusu, wakati mtoto ameamka saa kumi na moja alfajiri na ana njaa. Kwa hiyo, msikilizaji, kabla hujatuma pesa ya chumba, piga simu mapokezi na uulize mambo matatu. Chandarua kipo na hakina matundu? Usiku muziki unazimwa saa ngapi? Na saa 12 asubuhi kuna mtu jikoni atakayekubali kuchemsha uji? Akisita kwenye hilo la tatu, mshukuru, kata simu, na upige nyumba nyingine.